Tuzihukumu Picha Zetu Nzuri

Ukutani mwa ukumbi wa usharika wetu, hapa Bagamoyo, zimetundikwa picha 12 za Mlima Kilimanjaro. Ni picha nzuri. Mgeni akija kwenye kikao au karamu ya kipaimara huzitazama kwanza kabla hajatafuta kiti, na watoto wa shule ya Jumapili huonyeshana kwa kidole: yule ni mchungaji, yule ni mama fulani, ile nyeupe ni barafu.

Tunaandika makala hii kuzishitaki picha hizo. Na kwa kuwa waliozipiga, waliozichagua na waliozitundika ni sisi wenyewe, mchungaji akiwa mmoja wao, msomaji asidhani kwamba tunamnyooshea kidole mtu mwingine. Mshitaki na mshitakiwa wamekaa benchi moja.

Hoja yetu ni hii: Mkristo anapaswa kuihukumu picha yake nzuri kwa ukali kuliko anavyoihukumu picha yake mbaya. Picha mbaya haihitaji hakimu. Imetikisika, ina giza, kidole kimeziba nusu yake; tunaifuta, yanakwisha. Ile nzuri ndiyo inayobaki. Inakuzwa, inawekewa fremu, inaingia kwenye kalenda, na baada ya miaka michache hakuna anayeikumbuka safari isipokuwa kama picha inavyoikumbuka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli. Lakini kwa sababu chema chajiuza, hatuulizi kimeuzwa kwa bei gani, wala aliyelipa ni nani.

Tueleze ilivyokuwa. Mwinjilisti wa mtaa wetu mmoja, upande wa barabara ya Msata, alikuwa anakaa katika nyumba isiyo na paa la kuaminika. Vijana wakatoa wazo: tupande Kilimanjaro, tuchangishe fedha za mabati. Tulikwenda watu 8: vijana 4, kina mama 2, mzee wa kanisa 1 na mchungaji. Sisi ni watu wa pwani. Wengi wetu hatukuwahi kuvaa soksi mbili kwa wakati mmoja. Waumini na marafiki walichanga, na baadhi yao waliweka ahadi yenye sharti: mkifika kileleni, tutaongeza.

Tulipita njia ya Marangu. Tulilala Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, kisha Horombo, mita 3,700, kisha Kibo, mita 4,700. Usiku wa manane tukaanza ile sehemu ya mwisho, kokoto zinazorudi chini kila unapokanyaga, mwanga wa tochi ukiwa kwenye visigino vya aliye mbele. Wawili wetu hawakutoka Kibo kabisa; vichwa viliwauma mno. Mmoja aliishia njiani. Wawili walifika Gilman's Point, mita 5,685, wakageuka. Watatu walifika Uhuru, mita 5,895. Hiyo ndiyo hesabu yote: watatu kati ya wanane.

Tuliporudi, simu zetu kwa jumla zilikuwa na picha zaidi ya 600. Tukakaa jioni moja ukumbini, tukaziangalia kwa projekta na kuchagua 12. Tunakumbuka vizuri maswali tuliyouliza. Je, nyuso zinaonekana? Je, maandishi ya kwenye fulana zetu yanasomeka? Je, kibao cha kileleni kimetoka chote? Je, anga ni safi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama picha ni ya kweli. Tulikuwa na mchungaji pale, aliyesoma chuo cha theolojia miaka mitano, na swali hilo halikumtoka mdomoni.

Picha tuliyoipa nafasi ya kwanza, ile kubwa kuliko zote, ilipigwa alfajiri, chini kidogo ya Gilman's. Aliyeipiga alikuwa ametangulia, akageuka. Wanne wetu tunapanda kwa mstari, nyuso zimeguswa na mwanga wa kwanza, na nyuma yetu Mawenzi imesimama nyeusi mbele ya wingu jekundu. Chini yake tuliandika: Usharika wetu juu ya Kilimanjaro. Picha hiyo ilitumwa kwa wote walioahidi. Picha hiyo ilileta fedha.

Lakini picha hiyo tuliikata. Katika picha nzima, upande wa kushoto, kijana wetu mmoja wa kwaya ameketi juu ya jiwe, kichwa kati ya magoti. Ametapika mara tatu. Mwongozaji msaidizi amechuchumaa mbele yake, amemshikia chupa ya maji. Na sisi wanne, tunaong'aa, tunawapita. Hakuna hata mmoja wetu anayetazama upande wao.

Tuseme haki. Hatukukosea kuendelea. Mwongozaji mkuu alituambia tusisimame, msaidizi wake atamshusha, na alisema kweli: dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na mjuzi ndiye wa kumshusha mgonjwa. Kijana alipofika Horombo alikunywa uji, jioni alikuwa anacheka. Kosa letu la mlimani ni dogo kuliko linavyoonekana, ingawa ni kosa: hakuna aliyemwekea mkono begani, hakuna aliyemwambia neno. Mchungaji, ambaye kazi yake ni kuinama kwa wagonjwa, alipita akihesabu pumzi zake mwenyewe. Kwa hilo tunaweza kusingizia uhaba wa hewa.

Kosa kubwa tulilifanya Bagamoyo, ambako hewa ni tele. Tukiwa tumeketi, tumekunywa chai, akili zetu zikiwa timamu, tuliitazama picha nzima ukutani. Mmoja akasema, "Hapo pembeni panaharibu." Wote tukakubali. Yule "hapo pembeni" alikuwa mtu tuliyembatiza na kumpa kipaimara katika kanisa lilelile. Kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu tukamwondoa, yeye na aliyemsaidia, na picha ikawa nzuri sana.

Kijana yule akaanza kukosa mazoezi ya kwaya. Tulidhani ni mitihani. Baada ya wiki kadhaa mama yake akatufikishia neno alilosema mwanawe siku picha zilipotundikwa: "Mama, kumbe mimi sikwenda."

Tangu tulipoanza kulisema jambo hili hadharani tumejibiwa mengi. Tuyachukue majibu matatu yaliyo na nguvu.

La kwanza linasema: picha haidanganyi; yaliyomo yalitokea. Ndiyo, yalitokea. Mawenzi ilikuwepo, jua lilichomoza, tulipanda. Lakini amri ya nane, kama tunavyoihesabu katika Katekisimu yetu, haikatazi tu kusema lisilotokea. Inakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani, na shahidi anaweza kudanganya kwa kunyamaza mahali alipopaswa kusema. Maandishi yetu yalisema "usharika wetu" juu ya mlima. Aliyetoa ahadi yake kwa sharti la kilele alielewa kwamba wote, au walio wengi, walifika. Hatukumwambia uongo hata neno moja. Tulimwachia picha ifanye kazi hiyo.

La pili linasema: mnawavunja moyo vijana, waliumia, waacheni wafurahi. Jibu hili linatugusa, kwa kuwa kanisa letu halina vijana wa kupoteza. Lakini tuulize ni vijana gani tunaowazungumzia. Watatu walio kileleni, au watano ambao ukuta unawaambia kila Jumapili kwamba hawakuwepo? Kama faraja ya watatu inalipiwa na aibu ya watano, hiyo si faraja ya Injili. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vya mwili vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote huumia nacho. Sisi kiungo kilipoumia tulikikata pembeni.

La tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu linavaa joho: tulifanya yote kwa utukufu wa Mungu. Ndugu, hapo ndipo tunapopaswa kuogopa. Mwaka 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Martin Luther alitofautisha namna mbili za kufanya theolojia. Mwanatheolojia wa utukufu hugeuza majina ya vitu: kibaya akakiita chema, na chema kibaya. Mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Tulijifunza hilo chuoni na tulilijibu kwenye mitihani. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa unatungoja kwenye simu. Tulikuwa na picha ya mtu mgonjwa na mtu anayemhudumia kwenye baridi ya alfajiri, tukaiita "hapo pembeni panaharibu". Tulikuwa na picha ya watu wanaompita mgonjwa bila kumtazama, tukaiita ushindi. Msamaria mwema alikuwa ndani ya fremu yetu, na sisi tulikuwa kuhani na Mlawi. Tukamkata Msamaria.

Watu wa Bagamoyo tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua kosa hili, maana mji wetu umejengwa na watu waliokatwa pembeni. Kwa miaka mingi misafara iliondoka hapa kwenda bara na kurudi, na kila mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, kwa safari ya miezi. Majina ya wasafiri yamo vitabuni. Ya wapagazi ni machache mno. Kwenye misheni ya ndugu zetu Wakatoliki, iliyoanza mwaka 1868, upo mnara wa kanisa la zamani ambao mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874. Watu huuita Mnara wa Livingstone. Lakini Livingstone alifika akiwa maiti. Waliotembea ni Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, waliombeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikofia tarehe 1 Mei 1873. Mnara haukuitwa kwa majina yao.

Baadaye, mwaka huohuo wa 1874, Chuma na Susi walipelekwa Uingereza. Walichelewa, mazishi ya Westminster Abbey yalikwisha kufanyika tarehe 18 Aprili. Huko walipigwa picha pamoja na watoto wa marehemu. Tunashukuru kwamba picha hiyo ipo. Lakini tuone jinsi picha nzuri zinavyokuja: miezi yote ya kubeba haina picha, na kamera inafika mzigo ukiwa umekwisha kutuliwa.

Na mlima wenyewe una habari ya namna hiyo. Kila kitabu kinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo Oktoba 1889. Ni wachache wanaomtaja Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtu wa pwani yetu hii hii, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu, akalinda hema na kupika wakati wao wakipanda. Yeye naye alikuwa pembeni. Tulipokwenda sisi, wagumu walitubebea chakula, maji na magodoro, wakatupita njiani wakitusalimia, wakafika kabla yetu na kututengea chai. Katika picha zetu 12, mgumu anaonekana katika moja tu, na hapo ni mguu wake na nusu ya mfuko. Wapanda mlima walitoka Bagamoyo, mji wa wapagazi, na waliporudi hawakuwa na picha hata moja ya mpagazi!

Msomaji atauliza: sasa tusipige picha? Hatusemi hivyo. Atakayetoka kwenye makala hii akafuta picha zake zote atakuwa amekimbia kesi. Hatusemi pia kwamba tuanze kukagua picha za jirani. Bwana alikwisha tuonya kuhusu boriti na kibanzi, na nyani haoni kundule. Picha za kuhukumiwa ni zetu, na miongoni mwa hizo tuanze na tunayoipenda kuliko zote. Ifanyiwe maswali haya.

Kwanza, nani ameshika kamera, na yeye yuko wapi katika habari hii? Pili, nini kimekatwa, na kwa nini? Mara nyingine tunakata jiwe, mara nyingine tunakata mtu. Tusijifanye hatujui tofauti. Tatu, dakika moja kabla na dakika moja baada ya picha hii palikuwa na nini? Kileleni tulipiga ile ya mikono juu katika sala mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza mmoja alifumba macho vibaya. Sala iliyorudiwa mara nne kwa ajili ya kamera ilikuwa inasemwa kwa nani? Katika Mathayo sura ya 6 Bwana anasema wazi kuhusu wanaosali ili waonekane: malipo yao wamekwisha yapokea. Nne, aliyemo kwenye picha, na asiyekuwemo ingawa alikuwepo, wakiitazama pamoja nasi, tutaweza kuwatazama machoni? Tano, picha hii inamfanyia nini mzee mwenye goti bovu asiyeweza hata ngazi za kanisa? Inampa sababu ya kumsifu Mungu kwa ajili ya mlima, au inamwambia kwamba wenye miguu mizima ndio walio karibu na Mungu?

Maswali haya si ya mlimani peke yake. Yanafaa picha za harusi, za ubarikio, za kukabidhi msaada kwa yatima, ambazo makanisa yetu huzipiga kwa wingi, mpokeaji akiwa ameinamisha kichwa na mtoaji akiitazama kamera. Lakini tumeahidi kuanza na zetu.

Na kwa nini tunaweza kuanza? Hapa tunasema lile ambalo Kanisa letu lipo kulisema. Mtu anayetafuta kuhesabiwa haki kwa picha yake hawezi kuihukumu, maana ikianguka anaanguka nayo. Atatetea kila pembe. Bali aliyehesabiwa haki kwa neema, kwa ajili ya Kristo, hana cha kupoteza ukutani. Anaweza kusema: huyu anayeng'aa ni mimi, na huyu anayempita mgonjwa ni mimi pia. Mwenye haki na mwenye dhambi, kwa wakati mmoja, katika fremu moja. Picha iliyokatwa ilionyesha nusu ya kwanza tu, na nusu hiyo haihitaji Mwokozi.

Tumalizie na yaliyotokea, ili asije mtu akadhani toba ni maneno. Tulimwita kijana na mama yake, tukamwomba msamaha, kwanza nyumbani, kisha mbele ya kwaya. Tulimwuliza kama angependa picha nzima itundikwe, tukamwambia kwamba akikataa hatutaitundika. Alikaa kimya, kisha akasema itundikwe, ila maandishi yabadilishwe. Sasa chini yake imeandikwa: Watu 8 wa usharika huu walipanda, 3 walifika Uhuru, huyu aliyechuchumaa alimshusha mwenzetu salama.

Kisha tukawaandikia walioahidi kwa sharti la kilele, tukawaeleza hesabu ilivyokuwa. Baraza la wazee lilibishana juu ya barua hiyo karibu saa mbili, na waliopinga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafikiria paa. Wengi wa wafadhili walijibu kwamba hawadai kitu. Mmoja alirudishiwa fedha yake yote, kama alivyotaka, na ilikuwa kubwa kuliko za wengine.

Nyumba ya mwinjilisti imeezekwa vyumba viwili. Chumba cha tatu kinangoja mabati 14. Atakayependa kuchangia afike ofisini kwetu, na akipita ukumbini asimame mbele ya picha ile kubwa, upande wa kushoto.